Ukungu wa Saa Kumi na Moja

Mara ya kumi na tisa Taswira ilipokataa kujengeka, Mwantumu Shekalaghe alivua viatu, akakunja miguu juu ya kiti na kuitazama skrini kama mwenyeji anavyomtazama mgeni aliyekataa chai. Herufi nyekundu zilikuwa zimesimama katikati ya dirisha jeusi la amri. Zilisema kile kile zilichosema mara ya kumi na nane: kuna faili moja halipo.

Nje, ukungu wa asubuhi ulikuwa umeanza kukonda. Ulipita dirishani bila kubisha hodi, ukalala juu ya meza, juu ya nyaya, juu ya kikombe cha uji alichokisahau. Mwantumu alizipenda saa hizi. Mashine ikiwa inajenga programu, fundi hana la kufanya ila kusubiri, na mistari ya maandishi hushuka kwenye skrini taratibu mpaka macho yanakuwa mazito na mtu hajui tena kama anasoma au anaota.

Wiki tatu kabla ya hapo, radi kavu iliipiga mashine ya zamani. Ilikuwa mashine kuukuu ya Linux iliyokuwa chumbani humo tangu Mwantumu hajazaliwa, na Taswira iliishi ndani yake. Taswira ilikuwa programu ya kuchora ukungu. Vinasa mia mbili na kumi na viwili vilivyopandwa kwenye kigongo cha mlima viliiletea habari za unyevu, joto na upepo, nayo ikauchora mlima mzima ukutani, ukungu ukipanda juu yake kwa rangi ya maziwa. Mapazia yaliifuata picha hiyo. Yalikuwa nyavu kumi na nne, kila moja ndefu kama uwanja wa mpira, zilizotundikwa juu ya kigongo kwa waya za chuma. Picha ikisema funga, yalifunga, ukungu ukanaswa, maji yakachirizika hadi kwenye matangi ya mji wa Kwembalazi. Picha ikisema fungua, ukungu ulipita zake kwenda upande wa pili, ambako, kila mtu alijua, hakukuwa na mtu.

Mvua ilikuwa imeuhama mlima ule tangu enzi za babu zao. Mji wa watu elfu sita uliishi kwa ukungu, na sasa mapazia yalikuwa wazi mchana kutwa na usiku kucha kwa sababu hakuna picha ya kuyaambia neno. Matangi yalibakiwa na maji ya siku kumi na moja. Dada yake Mwantumu, Tunu, alikuwa mkunga katika zahanati, na kila kichanga kilichozaliwa wiki ile kilioga kwa jagi moja la maji, kisha maji yale yale yakadekia sakafu. Tunu hakulalamika. Alikuja tu kila asubuhi, akasimama nyuma ya kiti cha mdogo wake, akautazama ukuta mtupu, akaenda kazini. Mwantumu angependelea kutukanwa.

Wala hakuwa amekaa bure. Taswira iliandikwa kwa Java, lugha ya kompyuta ambayo wajuzi wameizika mara tatu, na mara zote tatu ikatokea matangani kula ubwabwa. Java ya mashine mpya ilikuwa changa mno, haikuelewa maneno ya kizee yaliyomo ndani ya programu. Mwantumu akatafuta toleo la zamani kwenye hifadhi, akalisimika, na bado mashine ikawa inamwita yule kijana badala ya mzee, mpaka alipoiandikia njia kwa mkono wake mwenyewe. Ikafuata maktaba ya kuchorea, yaani fungu la msimbo ambalo programu huliazima: ilikuwa imekatwa kwa kipimo cha kichakataji cha aina nyingine, ikabidi aijenge upya kutoka kwenye msimbo wake, siku moja na nusu. Kisha dirisha la Taswira likafunguka likiwa jeusi tii. Alihangaika na kadi ya picha mpaka adhuhuri kabla ya kugundua kwamba mashine ilidhani haijaunganishwa na projekta ya ukutani, na mashine ilikuwa sahihi, kwa sababu waya ulikuwa umelegea. Alicheka peke yake, kisha akatazama mlangoni kama kuna aliyemwona.

Sasa lilibaki faili moja. Liliitwa pepo.jar, maktaba ndogo kabisa, na kazi yake ilikuwa moja: kusoma Daftari la Kilele.

Daftari hilo liliandikwa mwaka wa kwanza wa mapazia na walinzi waliokesha juu ya kigongo. Waliandika kila siku ukungu unapanda saa ngapi, unakaa wapi, unaondoka na upepo gani. Baadaye mtu akaliingiza lote kwenye mashine, neno kwa neno, na tangu hapo Taswira ilichora uzito wa ukungu na kupanga saa za mapazia kwa kulifuata. Maktaba ya kulisoma ilikuwa ndani ya mashine iliyoungua, na nakala yake haikuwepo popote. Kilichokuwepo ni toleo jingine, lililotumwa na watengenezaji miaka ishirini na miwili nyuma, likiwa limekaa kwenye folda halijaguswa.

Mwantumu hakujiuliza kwa nini halijaguswa. Alilichukua, akaliweka mahali pake, akatoa amri kwa mara ya ishirini. Mistari ikaanza kushuka. Ukungu chumbani ulikuwa umekwisha na jua lilikuwa limefika kwenye miguu yake mitupu mashine iliposema kwamba ujenzi umefaulu.

*

Mlima uliota ukutani kutoka chini kwenda juu, tambarare kwanza, kisha mabonde, kisha kigongo na nyavu zake kumi na nne. Mwantumu alisimama. Kwa miaka tisa alikuwa ameiona Taswira kila siku, lakini picha hii hakuwahi kuiona. Ukungu wa alfajiri, ambao siku zote ulichorwa hafifu kama moshi wa kibatari, ulikuwa mnene, mweupe, wenye uzito. Ulipanda kutoka tambarare kwa mawimbi ya polepole, ukajaza mabonde yote, ukaegemea kigongo. Na mapazia ya pichani yalikuwa yamefungwa, yakiupokea.

Huku Kwembalazi ukungu wa alfajiri uliitwa ukungu mkavu. Ndivyo watu walivyofundishwa na picha: ule wa mapema hauna maji, unapita tu, wa kuvuna ni ule wa saa tano asubuhi, jua likishapanda. Akina mama walianua nguo zao usiku ili ukungu mkavu usizichafue. Hakuna aliyekuwa ametoa ulimi nje alfajiri kuujaribu, kwa maana nani atabishana na ukuta.

Bwana Kaniki, mwenyekiti wa kamati ya maji, aliposikia kwamba imejengeka alikuja mbio na shati limefungwa vifungo visivyolingana. Alikuwa mtu mwema mwenye haraka. Hakuuliza picha inasema nini; aliuliza kama mapazia yanaweza kuifuata kesho, na Mwantumu akasema yanaweza.

Kesho yake, Jumatano, saa kumi na moja alfajiri, nyavu kumi na nne zilijifunga kwa pamoja. Kufikia saa mbili matangi yalikuwa yamepanda shubiri nzima. Watu walitoka na ndoo na sufuria, wakaimba barabarani, na Tunu akaja chumba cha mitambo na mikono iliyolowa mpaka viwikoni, akamshika mdogo wake mashavu yote mawili. Mwantumu alijawa na furaha.

Ilimwisha mchana. Alikuwa akiizungusha picha ukutani, kwa raha tu, mpaka akafika nyuma ya mlima. Huko kulikuwa na vinasa ishirini na vitatu ambavyo hakuwahi kujua vimepandwa kwa ajili ya nini. Vyote vilikuwa vya rangi ya majivu. Akarudisha picha hadi siku ya Jumanne, kabla mapazia hayajafungwa, na vyote vilikuwa vibichi, vyeupe kwa ukungu.

Ndipo alipoufungua msimbo wa ile maktaba, akausoma. Ulikuwa na mistari kumi na miwili iliyomkalisha chini. Walinzi wa kigongo waliandika kama walivyosema: saa kumi na moja, unapanda. Mashine, ambayo huhesabu kuanzia usiku wa manane, iliisoma kumi na moja yao kuwa saa tano asubuhi. Tangu siku ya kwanza Kwembalazi ilikuwa ikifunga mapazia kwa kuchelewa saa sita, ukungu mnene ukiwa umeshapita, na kuvuna mabaki. Miaka ishirini na miwili iliyopita watengenezaji waligundua kosa hilo, wakaandika kwamba mashine ikiwekwa Kiswahili, basi saa zihesabiwe kama wenye Kiswahili wanavyozihesabu. Dawa ilitumwa. Mtu fulani aliipokea, akaiweka kwenye folda, akairudisha mashine kwenye kosa lake la zamani kwa mkono.

Katika mji mzima, aliyekuwa na mkono wa kufanya hivyo miaka ile alikuwa mmoja.

*

Mwalimu Sechonge alikuwa na miaka sabini na tisa na sungura kumi na wawili. Ndiye aliyemfundisha Mwantumu kazi, na alistaafu siku alipoona mwanafunzi wake anamsahihisha. Mwantumu alimkuta uani akiwakatia sungura majani ya viazi. Alimwamkia shikamoo, akajibiwa marahaba, akashindwa kuanza.

"Umeweka toleo la kwenye folda," Mwalimu alisema bila kuinua macho. "Nimeona watu wanaimba."

Mwantumu akamuuliza kwa nini. Sauti yake ilitoka kali kuliko alivyokusudia, na hakuijutia. Mwalimu akaweka kisu chini. Alieleza kwamba dawa ilipokuja aliijaribu asubuhi moja tu, kama Mwantumu, akaona pichani ukungu unakomea kigongoni, akajiuliza upande wa pili umebakiwa na nini. Akaenda kwa miguu kutazama. Alikuta watu. Walikuwa wametoka tambarare ardhi yao ilipogeuka chumvi, wakapanda upande wa pili kwa sababu ulikuwa wa kijani, wala hawakujua ni kwa nini ulikuwa wa kijani. Mahali penyewe paliitwa Mbokoi, na palikuwa na watoto. Akarudi, akavipanda vile vinasa ili awe anawaona, akaizika dawa.

"Niliwaibia ninyi kila alfajiri, mwanangu, miaka ishirini na miwili. Ningewaibia tena."

"Tunu anaogesha vichanga kwa jagi moja, Mwalimu."

"Jagi lile nililipeleka zahanati mimi mwenyewe. Najua linabeba kiasi gani."

Sungura walitafuna. Mwantumu akauliza kwa nini hakuwaambia watu, na Mwalimu akaokota jani lililoanguka, akamsogezea sungura.

"Wenye kiu ukiwaambia wachague, umewaonea," alisema. "Nikaona dhambi hii bora iwe na mwenyewe mmoja."

Kisha akaingia ndani, akatoka na kopo la chumvi ya sungura, akachimbua humo kijiti cha kumbukumbu, flashi ndogo, kilichofungwa kwenye kitambaa. Pepo.jar ya zamani ilikuwa ndani yake. Alimwambia airudishe, awaambie kamati kwamba picha ya Jumatano ilikuwa na kasoro, na anyamaze. Mwantumu akakipokea kijiti kwa mikono miwili kama alivyolelewa. Aliyatenga mapazia na picha jioni ile, akayaacha wazi siku ya Alhamisi, akamdanganya Bwana Kaniki kwamba anakagua. Alimkasirikia Mwalimu mpaka akaumwa kichwa, na alimwonea huruma kwa kiasi kile kile.

*

Ijumaa alivuka kigongo. Alipita chini ya nyavu zilizo wazi kukiwa hakujapambazuka vizuri, ukungu ukienda pamoja naye, begani, usoni, kati ya vidole, ukivuka kama watu wengi wanaotembea bila kuongea. Baada ya saa mbili za kuteremka alisikia sauti za nguo zikikamuliwa.

Mbokoi ilikuwa imetandaza kanga. Zilikuwa juu ya kila kichaka, kwenye kamba kutoka nyumba hadi nyumba, nyekundu, njano, zambarau, mamia yake, zote zimelowa na kuelemewa. Wanawake na wanaume walizikamua ndani ya mapipa wakipiga soga. Walikuwa na ratiba ya nani anakamua mstari upi, na majirani waliwakamulia wagonjwa. Mwanamke mmoja mjamzito, tumbo lake likiwa limefika mbali, alimkaribisha, akajitambulisha kuwa ni Naanjela, akampa kikombe cha maji kabla hajamuuliza ametoka wapi.

Mwantumu alikunywa. Alisema ametoka upande wa pili. Naanjela akafurahi, alikuwa hajawahi kumwona mtu wa huko. Akamuuliza wao huutegaje ukungu, kwa kanga au kwa majani ya migomba, na Mwantumu akajibu kwamba kwa nyavu.

"Juzi kwenu ulikuja?" Naanjela aliuliza. "Hapa haukuja. Haijawahi kutokea. Tulikaa na kanga kavu mpaka jua likatoka."

Mwantumu alikiweka kikombe juu ya ukingo wa pipa.

"Wazee wakatuita, wakauliza nani amekosana na nani," Naanjela akaendelea, akikamua mstari wake. "Watu wakapatana papo hapo. Mimi nikaenda kwa wifi yangu, nikamwomba radhi kwa maneno ya mwaka juzi. Tulidhani tumemkosea mtu."

*

Aliporudi, aliandika msimbo tangu mchana wa Ijumaa hadi asubuhi ya Jumamosi. Hakuitumia maktaba ya Mwalimu, wala hakuiacha ya watengenezaji kama ilivyokuwa. Alikata zile saa sita kutoka gizani zilikofichwa, akazileta juu, kwenye uso wa Taswira, mahali ambapo hata asiyejua kompyuta angeziona. Kisha akaandika jaribio moja dogo ndani ya ujenzi wenyewe: siku yoyote fundi yeyote akikiondoa alichokiweka, Taswira itakataa kujengeka. Aliyajua machungu ya kukataliwa na Taswira. Alikuwa amemwekea mtu wa kesho machungu hayo kwa makusudi.

Kamati ilikutana alasiri katika chumba cha mitambo, na kwa kuwa mji mzima ulitaka kujua mapazia yana nini, watu walijaa hadi ngazini. Mwalimu Sechonge aliletewa kiti. Mwantumu aliwaonyesha ukungu mnene wa alfajiri, akawaeleza habari ya daftari na saa zake, na kicheko kikapita chumbani, kicheko cha aibu, walipoelewa kwamba ni babu zao wenyewe walioandika saa kumi na moja kwa maana ya saa kumi na moja. Kisha akaugeuza mlima. Akawaonyesha vinasa vya nyuma, vyeupe, na siku ya Jumatano, majivu. Akawaambia kuhusu kanga. Akawaambia kuhusu Naanjela na wifi yake. Hapo hakuna aliyecheka.

Bwana Kaniki aliuliza ni nani aliyejua siku zote hizi. Mwalimu akaanza kuinuka, na Mwantumu akasema haraka kwamba swali liko ukutani, si hapa chini.

Ukutani palikuwa pameandikwa kwa herufi kubwa: Ukungu wa alfajiri ya kesho uende wapi? Chini yake majina mawili, Kwembalazi na Mbokoi. Chini ya hayo, nafasi ya kuandika jina la aliyeamua.

"Swali hili litaulizwa kila jioni," Mwantumu alisema. "Lisipojibiwa, mapazia hayasogei. Sikuweza kuchagua kwa niaba yenu, na sikuweza kuwaficha."

Bwana Kaniki, kwa kuwa ndiye mwenyekiti, aliketi mbele ya mashine. Aliweka vidole juu ya vitufe. Alikuwa na wajukuu wanne mjini na matangi yalikuwa yamebakiwa na siku tisa. Alikaa hivyo muda mrefu, jasho likimtoka, na hakuna aliyemharakisha. Mwantumu alidhani amewaonea wote, kama Mwalimu alivyosema.

Tunu alitoka nyuma ya watu. Bado alikuwa na aproni ya zahanati. Alimuuliza mdogo wake jambo moja tu: yule Naanjela ana miezi mingapi. Mwantumu akasema kwa kumwangalia, nane, labda tisa. Tunu akaitikia kwa kichwa kama anayesikia habari ya kazi. Akamwomba Bwana Kaniki apishe, akainama, akachagua Mbokoi, na kwa kidole kimoja, herufi baada ya herufi, akaandika jina lake kamili.

"Kesho wao," alisema. "Keshokutwa sisi. Halafu twende tukawaulize wenyewe."

Alimwangalia Bwana Kaniki, kisha akarudi zahanati, kwa sababu kulikuwa na mwanamke anayeumwa uchungu.

*

Alfajiri ya Jumapili watu wa Kwembalazi walitoka nje. Hakuna aliyewaita. Walisimama milangoni, barabarani, juu ya mapaa, wamejifunika mablanketi, wakiutazama ukungu ukipanda kutoka tambarare na kupita juu ya vichwa vyao, polepole, mapazia yakiwa wazi. Walikuwa wameuona ukipita maisha yao yote. Leo walijua unakwenda wapi, na kwa nani.

Mwantumu alikuwa juu ya paa la chumba cha mitambo, peku, Mwalimu kando yake, naye amemshika mzee mkono asiteleze. Ukungu uliwafikia, ukawafunika, mji ukapotea. Mwantumu alifumba macho na kutoa ulimi nje, kama mtoto, akauonja ule ukungu mkavu.

Ulikuwa maji matupu.